ALIRUDI KWA WALIOMPIGA
Maisha ya Apolo Kivebulaya

Wewe kijana uliyepokea karatasi hii, usiitupe kwanza. Usiifungie karanga. Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, isome mpaka mwisho. Ni habari ya mtu aliyevuta bangi, akanywa pombe, akabeba bunduki, halafu Yesu akambadilisha kabisa!

KIJANA WA VITA

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha akaitwa Waswa. Ujana wake uliangukia miaka mibaya. Tangu 1888 Buganda ilitikiswa na vita vya dini, watu wakauana, wafalme wakapinduliwa. Waswa akawa askari. Pombe aliijua, bangi aliijua. Kwa ufupi alikuwa kama vijana wengi wa vijiweni: nguvu anazo, lakini hajui anakwenda wapi.

Je, na wewe hali yako si hiyo hiyo? Leo disko, kesho ugomvi, keshokutwa kichwa kinauma na mfuko mtupu. Moyoni kuna shimo ambalo hakuna chupa inayoliziba.

Waswa alianza kusikiliza Neno la Mungu, kisha akajifunza kulisoma mwenyewe kwa Kiganda. Neno likamshika. Akaacha bangi, akaacha pombe. Mwaka 1895 akabatizwa na kupewa jina Apolo. Jina la Kivebulaya lilitokana na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu. Bulaya ni Ulaya, basi watu wakamtania kuwa ni kitu kilichotoka Ulaya. Kumbe ndani ya koti lile alikuwamo Mwafrika aliyezaliwa mara ya pili!

ALIANZA NA ALICHOKUWA NACHO

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Apolo hakusubiri miaka kumi ndipo amtaje Yesu. Mwaka ule ule wa 1895 akajitoa kwenda Toro, magharibi ya Uganda, kufundisha. Nchi ya huko alishaiona akiwa askari. Safari ya kwanza alikwenda na bunduki, safari ya pili akaenda na kitabu.

Hakuwa na shahada. Hakuwa na gari wala vipaza sauti. Alijua kusoma, alijua kuomba, na alijua Yesu amemtendea nini. Basi! Akawaketisha watu, akawafundisha herufi, wakasoma Injili pamoja. Hivyo ndivyo alivyojifunza kushuhudia: kwa kushuhudia.

Wengi hudhani kushuhudia ni kazi ya wachungaji. Fungua Biblia, Marko sura ya 5. Yule mtu aliyekuwa akilala makaburini, mara alipofunguliwa, Yesu hakumpeleka chuo. Alimwambia arudi nyumbani akawaeleze ndugu zake aliyotendewa. Ndiyo darasa la kwanza.

MBOGA: PALIPOKUWA PAGUMU

Mwisho wa mwaka 1896 Apolo alivuka mto Semliki akafika Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa. Leo pale ni nchi ya Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa, maana waliwekewa vikwazo hata vya chakula. Apolo alishika jembe akajilimia mwenyewe.

Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Mwanzoni alisikiliza. Lakini mahubiri yalipogusa pombe na wake wengi, uso ukabadilika. Ndivyo ilivyo: watu humpenda mhubiri mpaka aguse kidonda. Apolo alipigwa vibaya. Nyumba yake ikachomwa moto.

Haikuishia hapo. Dada yake Tabaro alichomwa na mkuki kwa ajali, akafa. Lawama akatupiwa Apolo kwamba ameua! Akafungwa, akapelekwa Fort Portal, akatiwa gerezani kwa kosa asilolifanya.

Hebu jiweke pale. Uko mbali na kwenu, hujaua mtu, umefungwa. Wewe ungesemaje? Wengi tungesema, yatosha, narudi Buganda nikapumzike.

Gerezani usiku Yesu akamtokea Apolo, akamtia moyo asiogope. Tangu usiku ule hofu ilimwondoka. Ikaonekana hana hatia, akaachiliwa. Njia mbili zilikuwa mbele yake. Moja ya kwenda nyumbani, nyingine ya kurudi kwa waliompiga.

Apolo akarudi Mboga!

Tabaro alipomwona alishangaa. Mtu huyu tumempiga, tumemchomea, tumemfunga, na bado anarudi kutueleza habari za Yesu? Mahubiri ya mdomo Tabaro aliweza kuyapinga. Kurudi kule hakuweza kukupinga. Yule mtesaji akatubu, akabatizwa, kanisa likasimama Mboga.

Hapo ndipo kiini cha kushuhudia, ndugu yangu. Si maneno matamu. Ni kumpenda mtu kiasi kwamba akikufukuza unarudi, na unarudi bila kinyongo.

MPAKA NDANI YA MSITU

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Alikuwa hana mke wala watoto, lakini vijana aliowafundisha na kuwatuma walikuwa wengi. Tangu 1921 akaingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao majirani waliwadharau. Yeye aliketi nao, akala nao, akajifunza lugha yao. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa Kanoni, lakini heshima haikumtoa msituni.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea kwao. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambao bado haujafikiwa. Hata kaburini alikuwa anaonyesha kidole mbele! Kutokana na kazi ile ya Mboga likakua Kanisa la Anglikana la Kongo.

NA WEWE JE?

Aliyekupa karatasi hii huenda alikuwa anatetemeka. Huenda umemcheka. Huenda jana ulimfukuza, na leo amerudi. Mbona amerudi? Kwa sababu Yesu naye alikuja kwa watu waliompiga, akawafia msalabani, akafufuka siku ya tatu. Alikuja kwa ajili yako. Utamfukuza mara ngapi?

Kama unataka kuokoka, omba hivi kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekukimbia, lakini wewe umenifuata. Nasadiki ulikufa kwa ajili yangu na uko hai. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, unijaze Roho wako Mtakatifu. Tangu leo mimi ni wako. Amina.

Umeomba? Bwana asifiwe! Sasa fanya mambo matatu. Njoo mbele ya jukwaa uombewe. Tafuta Injili ya Marko uanze kusoma usiku huu. Kisha, kabla jua la kesho halijazama, mweleze mtu mmoja aliyotenda Yesu: mama yako, rafiki yako wa kijiweni, au yule mliyegombana.

Akikucheka, mwombee. Halafu rudi tena.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.