Virginia Woolf: Mwandishi aliyeishi kati ya kilele cha furaha na shimo la huzuni

Na Mwandishi Wetu

UKIWATAJA waandishi walioibadili sura ya riwaya katika karne ya 20, huwezi kuliacha jina la Virginia Woolf wa Uingereza. Vitabu vyake vinasomwa vyuoni katika nchi nyingi duniani, na insha yake ya mwaka 1929, inayodai kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji kipato chake na chumba chake mwenyewe, imekuwa moja ya nguzo za fikra za wanaotetea usawa wa kijinsia.

Hata hivyo, nyuma ya sifa hizo yapo maisha ya mtu aliyepambana kwa zaidi ya miaka 45 na maradhi ambayo enzi zake hayakuwa na tiba. Zilikuwapo nyakati akili yake ilipaa, akazungumza bila kikomo na kukosa usingizi, na zilikuwapo nyakati alizozama katika huzuni nzito, asiweze kula wala kutazamana na watu.

Maradhi hayo leo yanajulikana kama baipola, yaani ugonjwa unaozifanya hisia za mtu zipande na kushuka kupita kiasi. Madaktari wa wakati wake waliyaita udhaifu wa neva. Ingawa hakuna awezaye kumpima mtu aliyekwisha kufariki, wataalamu wengi waliopitia shajara zake, barua zake na kumbukumbu za mumewe wanaona kwamba dalili zake zinashabihiana na baipola.

Misiba ya utotoni

Virginia alizaliwa Januari 25, 1882, katika eneo la Kensington, jijini London. Baba yake, Leslie Stephen, alikuwa msomi na mhariri wa kwanza wa kamusi kuu ya wasifu wa watu mashuhuri wa Uingereza. Mama yake, Julia, alizaliwa India. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao wa awali, hivyo nyumba ilikuwa na watoto wanane wa ndoa tatu.

Maradhi ya akili hayakuwa mageni katika ukoo huo. Binamu yake, mshairi James Kenneth Stephen, alifariki mwaka 1892 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na umri wa miaka 32. Dada yake wa upande wa baba, Laura, aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika taasisi za watu wenye matatizo ya akili. Kwa hiyo tangu akiwa mdogo, Virginia alijua ni wapi mtu angeweza kupelekwa pindi familia inaposhindwa kumhimili.

Mei 1895 mama yake alifariki. Virginia alikuwa na umri wa miaka 13, na mwaka huo ndipo alipougua kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye, Stella, dada yake wa upande wa mama ambaye alikuwa ameshika nafasi ya mama nyumbani, naye akafariki miezi michache tu baada ya kuolewa. Aidha, Virginia mwenyewe alikuja kueleza katika maandishi yake kwamba alidhalilishwa kijinsia na kaka zake wa upande wa mama.

Baba yao alipofariki Februari 1904, Virginia aliugua tena, safari hii vibaya zaidi, na akajaribu kujitoa uhai. Alihifadhiwa na kuuguzwa nyumbani kwa rafiki yake, Violet Dickinson, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amepona kiasi cha kuchapisha makala yake ya kwanza gazetini. Ugonjwa ulimwangusha, naye akainuka na kushika kalamu. Hivyo ndivyo maisha yake yalivyokuwa kwa miaka iliyofuata.

Ndoa na mtihani mkubwa

Agosti 10, 1912, Virginia alifunga ndoa na Leonard Woolf, kijana wa Kiyahudi aliyekuwa amefanya kazi kwa karibu miaka saba katika utawala wa kikoloni huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Leonard hakuwa na fedha nyingi, lakini alikuwa na nidhamu na uvumilivu, na mambo hayo mawili yalihitajika mapema kuliko alivyodhani.

Haukupita muda mrefu Virginia akazama tena, na Septemba 1913 akajaribu kwa mara nyingine kujitoa uhai. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini hapo Leonard akakabiliwa na uamuzi mgumu. Wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Uingereza, sheria iliyofutwa mwaka 1961 tu, na njia iliyozoeleka ilikuwa kumthibitisha mgonjwa kisheria kuwa ni kichaa na kumfungia hospitalini.

Leonard alikwenda kuzitazama baadhi ya hospitali alizoelekezwa na madaktari. Alichokiona kilimtisha. Akaomba ruhusa ya kumuuguza mkewe katika nyumba ya ndugu, chini ya uangalizi wa wauguzi wa zamu mchana na usiku, naye akakubaliwa.

Mapema mwaka 1915 ugonjwa ulirejea kwa sura nyingine. Virginia alizungumza mfululizo kwa siku kadhaa, maneno yakawa hayaeleweki tena, na kwa wiki nyingi akamkataa mumewe asimsogelee. Riwaya yake ya kwanza ilitoka madukani Machi mwaka huo, wakati mwandishi akiwa hajijui. Leonard alisubiri. Hatimaye dhoruba ilipita.

Ratiba kama dawa

Katika miaka hiyo migumu, Leonard alikuwa akiandika kila siku katika shajara yake namna mkewe alivyoamka, alivyolala na alivyokula. Ili mtu mwingine asisome, aliandika kwa kutumia herufi za Kisinhala na Kitamil alizojifunza akiwa Ceylon. Kutokana na kumbukumbu hizo aligundua kwamba ugonjwa haukuja ghafla. Ulitanguliwa na maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na mawazo kukimbia.

Tangu hapo dalili hizo zilipojitokeza, kazi ilisimamishwa. Virginia alilazwa kitandani katika chumba chenye utulivu, akanyweshwa maziwa kwa wingi, wageni wakazuiwa. Katika siku za kawaida aliandika asubuhi, alitembea kwa miguu mchana, na hakuruhusiwa kukesha katika hafla hata alipotamani. Baadhi ya marafiki walimwona Leonard kama askari jela. Virginia mwenyewe mara nyingine alinung'unika, lakini alijua gharama ya kuipuuza ratiba hiyo.

Kulikuwa na gharama nyingine. Baada ya kutafuta ushauri wa madaktari mbalimbali, ambao hawakukubaliana, Leonard aliamua kwamba wasipate watoto. Virginia aliishi na huzuni hiyo hadi mwisho, hasa alipowatazama watoto wa dada yake Vanessa.

Si kila alichoagizwa na madaktari kilikuwa na faida. Mwaka 1922 aling'olewa meno matatu kwa imani kwamba vijidudu vya kwenye meno ndivyo vilivyosababisha joto la mwili wake kupanda. Alikatazwa pia mara kwa mara kusoma na kuandika, jambo lililokuwa adhabu kwa mtu ambaye kuandika ndiko kulikompa sababu ya kuamka.

Mashine mezani

Mwaka 1917 wanandoa hao walinunua mashine ndogo ya kuchapia ya mkono kwa bei ya pauni 19 na ushei, wakaiweka nyumbani kwao, Hogarth House, Richmond. Mojawapo ya sababu ilikuwa kumpatia Virginia kazi ya mikono itakayompumzisha akili mchana. Alipanga herufi za risasi moja baada ya nyingine. Kitabu chao cha kwanza kilichapwa nakala 150 tu.

Kilichoanza kama kitulizo kikageuka kuwa kampuni ya Hogarth Press, ambayo ilichapisha kazi za T. S. Eliot na tafsiri za Sigmund Freud. Kampuni hiyo ina uhusiano pia na Afrika Mashariki. Mwaka 1924 ilitoa kitabu cha daktari Norman Leys kilichofichua dhuluma za walowezi nchini Kenya, na mwaka 1934 ikachapisha kitabu cha Mkenya Parmenas Mockerie, aliyekuwa amefuatana na Jomo Kenyatta kwenda London mwaka 1931 kutetea haki za Waafrika.

Kwa takriban miaka 26, tangu 1915 hadi 1941, Virginia hakuanguka tena kwa kiwango kile. Ndicho kipindi alichoandika Mrs Dalloway (1925), To the Lighthouse (1927), Orlando (1928) na The Waves (1931). Katika Mrs Dalloway alimchora askari aliyetoka vitani akiwa ameharibika akili, ambaye madaktari wanamwamuru badala ya kumsikiliza. Aliyeandika hayo alikuwa ameyaonja.

Hatari zaidi ilikuwa pale alipomaliza kitabu. Mwaka 1936, akisahihisha riwaya yake The Years, alikaribia kuanguka kabisa, akiamini kuwa kazi yote ni bure. Alimpa mumewe aisome. Leonard aliiona kuwa ndefu mno, lakini alijua kwamba jibu lake lingeweza kuwa suala la uhai na kifo. Akaisifu kuliko alivyoamini. Virginia akapata nguvu, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata kikiwa miongoni mwa vilivyouzwa sana.

Vita na mwisho

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia London na nyumba zao mbili jijini ziliharibiwa na mabomu. Walihamia moja kwa moja kijijini Rodmell, Sussex. Baada ya vita ilikuja kubainika kwamba majina yao wote wawili yalikuwa katika orodha ya watu ambao Wanazi walipanga kuwakamata.

Mapema mwaka 1941 dalili zilirejea. Virginia alikonda, hakulala, na aliamini kwamba hawezi tena kuandika. Leonard alijikuta njia panda, kwani kumlazimisha apumzike chini ya wauguzi kungeweza kumsukuma ukingoni, na kumwacha huru kulikuwa hatari vilevile. Machi 27 alimpeleka kwa daktari na rafiki yao, Octavia Wilberforce, mjini Brighton. Kesho yake, Machi 28, Virginia alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 59. Katika barua aliyomwachia mumewe hakumlaumu. Alimshukuru.

Miaka minane baadaye, mwaka 1949, daktari John Cade wa Australia alitangaza kwamba chumvi ya lithiamu ilituliza wagonjwa waliopandwa na msisimko uliopitiliza. Dawa hiyo ingali inatumika, pamoja na nyingine zilizofuata. Kwa Virginia ilikuwa imechelewa.

Pamoja na hayo, mengi aliyoyafanya Leonard kwa kukisia ndiyo ambayo madaktari huwashauri wagonjwa wa baipola leo, yaani kulala kwa saa zisizobadilika, kuandika mwenendo wa hisia kila siku, kuzijua dalili za mwanzo, na kuwa na mtu wa karibu atakayesema mapema kwamba mambo yameanza kuharibika. Tofauti ni kwamba leo hayo huambatana na dawa na ushauri nasaha.

Mtazamo wa sheria nao unabadilika. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Majumbani, hata hivyo, bado wapo wanaodhani ndugu anayetumia fedha ovyo na kukesha akipanga makubwa ana majivuno, na anayejifungia ndani wiki nzima ni mvivu au amerogwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hufichwa kuliko mengi.

Leonard aliyazika majivu ya mkewe katika bustani ya nyumba yao ya Rodmell, akaendelea kuzihariri kazi zake na mwaka 1953 akatoa sehemu ya shajara zake. Alifariki Agosti 1969. Nyumba hiyo hutembelewa na wasomaji kutoka nchi mbalimbali, na chumba kidogo cha bustanini ambamo Virginia alikuwa akiandika asubuhi, kila alipokuwa na nafuu, bado kipo.