John Bunyan: Mtia Kalai Aliyeandika Safari ya Roho

Wapo wasemao kwamba hadithi ya kubuni ni uwongo, na kwamba mcha Mungu hana haja nayo. Neno hili si geni kwetu pwani, wala halikuanza leo. Lilimkabili pia Mwingereza mmoja, John Bunyan, na jibu lake likawa kitabu ambacho kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 200, Kiswahili kikiwamo.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Babake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na kutia kalai, na mwana akairithi kazi hiyo ya kuzunguka vijijini. Elimu yake ilikuwa ya kujua kusoma na kuandika tu. Alipotimiza miaka 16 aliingia jeshi la Bunge lililopigana na Mfalme Charles wa Kwanza. Siku moja mwenzake aliomba kwenda mahali pake. Akiwa zamu akapigwa risasi ya kichwa, akafa. Bunyan hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Mkewe wa kwanza alikuwa fukara kama yeye. Walianza maisha hawana hata sahani wala kijiko. Alicholeta bibi huyo ni vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na babake, navyo ndivyo vilivyomzindua mumewe. Hata hivyo, Bunyan alihangaika miaka kadhaa akidhani kwamba Mola amemtupa, ndipo moyo wake ukatulia akaanza kuhubiri.

Mwaka 1660 ufalme uliporudi, mahubiri ya watu wa namna yake yalipigwa marufuku. Mwezi wa Novemba alishikwa. Wakubwa walimpa sharti jepesi: aahidi kwamba hatahubiri tena, aende zake nyumbani. Alikataa. Nyumbani alikuwa na watoto wanne walioachwa na mkewe marehemu, mmoja wao, Mary, akiwa kipofu. Mkewe wa pili, Elizabeth, alikuwa mjamzito, na kwa mshtuko ule mimba ikaharibika. Juu ya hayo, mwaka 1661 bibi huyo kijana alisimama mbele ya mahakimu kumtetea mumewe. Alirudi mikono mitupu.

Bunyan alikaa gerezani miaka 12. Alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, watoto wapate riziki. Aliyemkata maini zaidi ni yule binti kipofu. Kila siku aliweza kufungua mlango kwa neno moja, na kila siku hakulisema. Aliachiliwa mwaka 1672.

Kitabu chake kikubwa kilichapishwa mwaka 1678. Ni ndoto ya mtu aitwaye Mkristo, aliyetoka katika Mji wa Maangamizi na mzigo mgongoni kuelekea mji wa mbinguni. Njiani alizama katika tope la kukata tamaa, akapita soko la ubatili, akafungwa katika ngome ya shaka. Msomaji aliyemjua Majivuno katika Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert hatashangaa kukuta kwamba kila jina hapa ni tabia ya mtu.

Kabla ya kukichapisha, Bunyan aliwauliza rafiki zake shauri. Wengine walimkataza, maana ni mambo ya kubuni. Yeye akaona kwamba hata vitabu vitakatifu hufundisha kwa mifano. Nasi tuliokalia mkeka wa chuoni twajua kwamba Kurani haikuona haya kupiga mfano hata wa mbu.

Sasa, tuitazame ile ngome ya shaka. Mkristo na mwenzake waliteswa humo na jitu lililowashauri wajiue. Kisha Mkristo akakumbuka kwamba kifuani mwake mlikuwa na ufunguo, na jina lake ni Ahadi. Akafungua, wakatoka. Hapa ndipo penye siri ya kitabu. Huko Bedford, Bunyan aliweza kujifungulia gereza kwa ahadi yake kwa mahakimu, akaikataa. Ahadi aliyoitegemea ni ya Mungu, nayo haikumfungulia mlango wa gereza kwa miaka 12, bali ilimtoa katika ngome ya shaka. Hadithi ni ya kubuni. Lakini ufunguo ule aliuonja mwenyewe.

Mwaka 1688 alipanda farasi kwenda Reading kuwapatanisha baba na mwana waliokosana. Aliwapatanisha. Akielekea London alinyeshewa mvua kubwa, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 Agosti, akazikwa Bunhill Fields.

Basi asomaye hadithi asiulize tu kama mambo hayo yalitokea. Aulize pia kama mtunzi aliyalipia, na kama yeye msomaji angekuwa tayari kuyalipia.