Canada Lee: Bondia aliyepoteza jicho akapata jukwaa

Sisi tuliokulia ukimbizini tunajua adha ya kuandikwa jina vibaya. Mimi kadi ya chakula ya kambini ilinibadilisha jina, nikasoma nalo miaka yote huko Kigoma. Niliporudi Makamba kufundisha, ilinibidi kueleza kila mara kwamba mimi na yule wa kwenye cheti ni mtu mmoja. Ndiyo maana Canada Lee alinigusa tangu siku mwalimu wetu wa sekondari alipotuonyesha filamu yake kwa kanda ya video.

Jina lake halisi ni Leonard Lionel Cornelius Canegata. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1907, katika familia yenye asili ya visiwa vya Karibi. Utotoni alijifunza fidla. Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani akawa mpanda farasi wa mashindano, lakini mwili ulipoongezeka uzito kazi hiyo ikamshinda, akageukia ngumi. Mtangazaji wa ulingoni alishindwa kulisoma jina lake, akatamka Canada Lee. Naye hakubisha, likabaki hilo.

Mwaka 1926 aliingia ngumi za kulipwa, uzito wa welter, akapanda hadi kuhesabiwa miongoni mwa wazuri. Kumbe pigo moja lilikuwa limemharibu jicho la kulia. Mwaka 1933 aliacha ulingo, jicho halioni na fedha zimekwisha. Mwaka uliofuata alikwenda kutafuta kibarua Harlem, akakuta watu wakijaribiwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Akajaribu, akachukuliwa.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Mwaka 1936 alicheza Banquo katika Macbeth ya waigizaji weusi iliyoongozwa na Orson Welles. Mwaka 1941 akawa Bigger Thomas katika Native Son, Broadway. Katika sinema alionekana kwenye Lifeboat ya Hitchcock, 1944, na Body and Soul, 1947, akiigiza bondia aliyeumizwa kichwa. Kazi hiyo hakuhitaji kufundishwa.

Lakini Lee hakunyamaza. Alipinga hadharani ubaguzi wa rangi. Miaka ya mwisho ya 1940, wakati Marekani ikiwasaka wakomunisti, jina lake likatajwa. Bila kesi wala hukumu, milango ya redio na televisheni ikafungwa, wakati ule ule televisheni ilipoanza kuwa na mkate. Wasomaji wangu, mnaofahamu jinsi orodha inavyoweza kumtenga mtu, mtamwelewa.

Kazi yake kubwa ya mwisho ni Cry, the Beloved Country ya 1951, ndiyo niliyoiona shuleni. Alicheza mchungaji Stephen Kumalo, mzee anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Ili kuipiga filamu hiyo Afrika Kusini ya makaburu, yeye na Sidney Poitier walilazimika kuingizwa nchini kama vibarua wa mwongozaji, Zoltan Korda. Nyota mzima akavuka mpaka kwa karatasi ya mtumishi! Ninyi mnaovuka Mugina na Manyovu na vibali mkononi mnajua karatasi haielezi mtu ni nani.

Alifariki Mei 9, 1952, akiwa na miaka 45, na televisheni bado imemfungia mlango. Darasani kwangu, kabla sijaita mahudhurio siku ya kwanza, humwuliza kila mtoto jina lake hutamkwaje.