Jimmy Murphy, mlezi wa timu ya pili

Majuzi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikalala Kabiro, kule Kawangware, kwa mpwa wangu. Kijana huyu alitoka kwetu Kisauni miaka miwili iliyopita akiwa na viatu vya mpira na dua za mamake. Klabu moja ya jijini, ambayo sitaitaja, ilikuwa imemkubali katika timu yake ya vijana. Nimemkuta hana timu. Walikusanywa siku moja baada ya mazoezi wakaambiwa pesa zimekwisha, zilizobaki ni za timu kubwa, kila mtu arudi kwao. Yeye hakurudi. Asubuhi anabeba mizigo sokoni, jioni anacheza na vijana wa mtaa kwenye kiwanja cha vumbi ambacho mvua ikinyesha hakipitiki.

Usiku tulikwenda kutazama mechi ya Manchester United kwenye kibanda cha video, karibu na steji ya 46. Mpwa wangu ni shabiki wao wa kufa. Tulipokuwa tukirudi akaniuliza, kwa uchungu, timu ya pili ina faida gani, maana kwa alivyoona yeye ni stoo ya watu wasiotakikana. Nikamuuliza kama anamjua Jimmy Murphy. Hamjui. Busby anamjua, Ferguson anamjua, Bobby Charlton anamjua. Basi nikamsimulia mpaka tukafika mlangoni, na leo nakusimulia na wewe, ndugu msomaji, kwa sababu naamini viongozi wengi wa klabu zetu za Pwani nao hawamjui.

James Patrick Murphy alizaliwa tarehe 8 Agosti 1910 katika bonde la Rhondda, nchini Wales, mahali pa migodi ya makaa ya mawe. Baba alikuwa na asili ya Ireland, mama alikuwa wa Wales. Utotoni alipiga kinanda kanisani, lakini roho yake ilikuwa kwenye mpira. Mwaka 1928, akiwa na miaka 17, alichukuliwa na West Bromwich Albion. Alikuwa kiungo mkabaji, mtu wa kupigania kila mpira hadi wapinzani wakachoka naye. Alicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1935, wakafungwa 4-2 na Sheffield Wednesday, na akaichezea timu ya taifa ya Wales mara 15. Alikuwa mchezaji mzuri, lakini kama angeishia hapo leo tusingekuwa tunamzungumza.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja aliingia jeshini, akapigana Afrika Kaskazini, kisha akapelekwa Italia. Mwaka 1945, mjini Bari, alikuwa akiwafundisha askari mpira. Matt Busby, ambaye alikuwa ameshaahidiwa kazi ya kuiongoza Manchester United, alipita hapo akasimama kumsikiliza. Alivyokuwa akizungumza na vijana, jinsi maneno yalivyomtoka kwa moto, yalimtosha Busby. Akampa kazi pale pale. Kwa hivyo mtu wa kwanza kusajiliwa na Busby alikuwa mwalimu, wala si mchezaji.

United ya wakati huo haikuwa hii ya leo. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umepigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1941, na klabu ilicheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa jirani zao Manchester City mpaka 1949. Murphy alikabidhiwa timu ya akiba. Msimu wa kwanza tu, 1946/47, timu hiyo ikachukua ubingwa wa ligi ya timu za akiba. Inasimuliwa kuwa Busby alipompongeza, Murphy alimjibu kuwa kikombe ni kizuri, lakini katika kikosi kile haoni hata mmoja atakayeifaa timu kubwa.

Hapa ndipo nilipomwomba mpwa wangu asimame kidogo anisikilize vizuri. Mkufunzi ametwaa ubingwa, na bado anamwambia mkubwa wake kuwa kazi haijafanyika. Kwake, timu ya pili haikuwa na kazi ya kushinda vikombe. Kazi yake ilikuwa kutoa watu. Kama waliopo ni watu wazima ambao timu kubwa haiwataki, basi itafutwe mbegu mpya.

Wakaanza kutafuta watoto wa shule, mji kwa mji. Kutoka Dudley akaja Duncan Edwards, aliyeingia timu kubwa mwaka 1953 akiwa na miaka 16. Kutoka Salford, hapo jirani, akaja Eddie Colman. Kutoka Dublin akaja Liam Whelan. Kutoka Ashington, mji wa wachimba makaa, akaja Bobby Charlton. Vijana walifundishwa na Murphy katika uwanja wa mazoezi ulioitwa The Cliff, jua na mvua. Charlton alikuja na shuti kali na tamaa ya kupiga pasi ndefu za kupendeza macho. Murphy alibaki naye peke yake baada ya wenzake kuondoka, siku baada ya siku, akimfundisha pasi fupi, kumfuata mtu, kurudi nyuma kusaidia. Alikuwa mkali, akifoka, lakini mchezo ukiisha ndiye aliyemkumbatia mtoto aliyekosea.

Kombe la FA la vijana lilipoanzishwa msimu wa 1952/53, United walilichukua. Wakalichukua tena, na tena, mara tano mfululizo mpaka 1957. Vijana hao wakapanda, na timu kubwa ikawa bingwa wa Uingereza mwaka 1956 na 1957. Magazeti yakawaita watoto wa Busby. Sifa zikaenda kwa Busby, na Murphy hakulalamika. Hakupenda kamera.

Mwaka 1956 alipewa pia timu ya taifa ya Wales, huku akiendelea na kazi yake Manchester. Na hapa pana jambo ambalo msomaji wa Pwani huenda hajawahi kulisikia. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1958, Uturuki, Indonesia, Misri na Sudan zilikataa kucheza na Israel. FIFA ikaamua kuwa Israel lazima icheze na mtu kabla ya kufuzu, ikapigwa kura miongoni mwa timu zilizokuwa zimeshatolewa, na Wales ikapata nafasi hiyo. Mechi ya marudiano ilikuwa Cardiff, tarehe 5 Februari 1958. Siku hiyo hiyo United walikuwa Belgrade kwenye Klabu Bingwa Ulaya. Murphy alitaka kwenda na vijana wake, lakini Busby alimwambia mahali pake ni kwa taifa lake. Wales wakashinda 2-0.

Kesho yake, tarehe 6, ndege iliyowarudisha United ilianguka ikijaribu kuruka kutoka Munich, katika theluji. Watu 23 walikufa, wanane kati yao wachezaji. Bert Whalley, mkufunzi aliyekuwa amekaa kwenye kiti ambacho kwa kawaida kilikuwa cha Murphy, alikufa. Murphy alifika Old Trafford kutoka Cardiff akiwa na furaha ya ushindi, na katibu wa ofisi ndiye aliyempa habari. Akaingia ofisini, akafunga mlango, akalia.

Kati ya wale wanane, saba walikuwa wamepitia timu za vijana na za akiba za klabu. Tommy Taylor peke yake ndiye aliyenunuliwa. Murphy alikuwa amepoteza watoto aliowalea kwa mikono yake. Akaenda Munich kuwaona majeruhi. Duncan Edwards alipambana siku 15, naye akafariki. Busby, akiwa kati ya uhai na mauti, alimsihi Murphy asiiache klabu ikafa.

Tarehe 19 Februari, siku 13 baada ya ajali, ilibidi United wacheze na Sheffield Wednesday katika Kombe la FA. Jarida la mechi lilipochapishwa, upande wa United nafasi za majina zilikuwa tupu, kwa sababu hakuna aliyejua nani atacheza. Murphy alinunua wachezaji wawili, Ernie Taylor na Stan Crowther. Harry Gregg na Bill Foulkes, waliotoka kwenye ajali wazima, walikubali kucheza. Waliobaki aliwatoa pale alipokuwa akishinda miaka yote, kwa vijana na kwa timu ya akiba. Shay Brennan, miaka 20, hakuwa amewahi kuichezea timu kubwa. Alifunga mabao mawili. Alex Dawson, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 18, akafunga la tatu. Wakashinda 3-0, mbele ya watu karibu 60,000.

Kwenye ligi waliumia, wakashinda mechi moja tu kati ya zile 14 zilizobaki. Lakini kwenye kombe walifika hadi fainali ya Wembley mwezi wa Mei, wakafungwa 2-0 na Bolton. Mwezi uliofuata Murphy alikuwa Sweden na Wales, akaifikisha robo fainali ya Kombe la Dunia, wakatolewa 1-0 na Brazil kwa bao la kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé. Hakuna mkufunzi aliyebeba mzigo kama ule katika mwaka mmoja.

Busby alipopona, Murphy alimrudishia kiti chake bila maneno, akarudi kwa vijana. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Mei 1968, United waliifunga Benfica ya Eusébio, yule mwana wa Msumbiji, 4-1 na kuwa mabingwa wa Ulaya. Foulkes, Brennan, Stiles, Charlton, Best, Kidd na Aston wote walikuwa wamelelewa na klabu. Murphy alistaafu usaidizi mwaka 1971, akabaki kuwatafutia vipaji. Alifariki tarehe 14 Novemba 1989, akiwa na miaka 79. Tangu mwaka 1990 mchezaji bora kijana wa klabu hupewa tuzo yenye jina lake; Giggs aliipata, Garnacho aliipata. Sanamu yake Old Trafford ilisimamishwa mwaka 2023 tu.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Hapa Kenya chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 na watoto wa mtaa, kikazaa Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi. Nasi Pwani wazee hawaachi kuitaja Feisal, bingwa wa Kenya mwaka 1965.

Kila msimu ukikaribia, klabu zetu hushindana kutangaza mchezaji gani amenunuliwa kutoka wapi. Mimi ningependa kusikia majibu ya maswali madogo. Nani anafundisha timu yenu ya pili? Analipwa? Ana mipira mingapi? Na pesa zikipungua, ni nani anayekatwa kwanza? Ajali si lazima iwe ya ndege. Wafadhili huondoka, nyota wanane huuzwa kwa wiki moja, na siku hiyo utamtafuta Brennan wako ukumbuke kuwa ulimfukuza.

Mpwa wangu alinisindikiza hadi kituo cha basi asubuhi yake. Aliniambia wenzake wachache waliofukuzwa naye wanakutana Jumapili, wamepata mzee mmoja wa mtaa aliyekubali kuwafundisha bure. Nikampa kidogo nilichokuwa nacho wanunue mpira. Dua zenu, jamaa.