Askofu Edward Steere na Kanisa la Mkunazini: Huduma Iliyoanza kwa Kujifunza Lugha

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anayechunguza historia ya sarufi, ya kamusi au ya hadithi zetu zilizoandikwa hukutana mapema na jina la Edward Steere. Hulikuta katika tanbihi na katika marejeleo, akalipita upesi kana kwamba ni jina la kitabu wala si la mtu. Wanaosimama kidogo hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaomsifu kuwa miongoni mwa walioweka msingi wa uchunguzi wa Kiswahili, na kuna wanaomshutumu kuwa mmoja wa wageni waliokiondoa Kiswahili katika hati za Kiarabu na kukipendelea Kiunguja, hata lahaja nyingine zikabaki pembeni.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha yanatoa hoja moja. Huduma ya kanisa lake kwa watumwa waliokombolewa Unguja ilifaulu kwa kadiri lilivyokubali kuwa mwanafunzi wa watu liliowahudumia. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi deni tunalodhani tunadaiwa na Steere peke yake lina wadai wengi zaidi.

Malezi na Wito

Edward Steere alizaliwa jijini London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya utajiri na heshima ilikuwa wazi mbele yake, lakini moyo wake haukutulia humo. Aliiacha sheria, akapewa ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858, kisha akatumikia parokia ndogo za mashambani katika jimbo la Lincolnshire, miongoni mwa wakulima na wavuvi.

Wakati huo Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kwa kifupi UMCA, ilikuwa imekwisha kuzaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862 katika nchi ambayo leo ni Malawi, na baadhi ya wenzake wakafa kwa homa. Aliyeteuliwa kumrithi alikuwa William Tozer, rafiki na jirani wa Steere huko Lincolnshire. Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, amsaidie kuanza kazi, kisha arudi kwenye parokia yake. Muda huo mfupi ndio uliogeuka kuwa maisha yake.

Tozer aliona kwamba misheni haiwezi kuendelea kuzika watu kando ya mto Zambezi na Shire. Mwezi Agosti 1864 akaihamishia Unguja, kitovu cha biashara ya pwani na, kwa bahati mbaya, kitovu cha biashara ya watumwa pia. Uamuzi huo ulilaumiwa sana Uingereza, na Livingstone mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioulaumu. Hata hivyo, kwa historia ya Kiswahili, ulikuwa uamuzi mkubwa.

Mwalimu Aliyefundishwa

Kazi ya misheni Unguja ilianza na wavulana watano. Walikuwa wametwaliwa katika jahazi la watumwa, na Sultani Majid akawakabidhi kwa Askofu Tozer. Tuizingatie hali hiyo. Watoto hawa waling'olewa kwao bara, wakauzwa, wakakamatwa baharini, kisha wakapewa watu wa aina ambayo hawakupata kuiona, bila ya mtu yeyote kuwauliza wanataka nini. Kati yao na walezi wao hapakuwa na lugha. Kanisa lililotaka kuwahudumia halikuweza hata kuwauliza kama wana njaa.

Steere alianza mahali hapo. Aliitafuta lugha ambayo watoto wa makabila mbalimbali, watu wa mjini na wageni wangeweza kukutana ndani yake, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili cha Unguja. Alikaa na wenyeji, akasikiliza, akaandika, akasahihishwa. Alianzisha mtambo mdogo wa chapa na kuwafunza vijana wa misheni kupanga herufi. Waliokuwa bidhaa sokoni wakawa wachapaji wa vitabu vya kwanza walivyosomea wenyewe.

Mwaka 1867 kilitoka huko Unguja Hadithi za Kiingereza, kijitabu chenye visa vya tamthilia za Shakespeare kama zilivyosimuliwa upya na Charles na Mary Lamb. Kwa hiyo visa vya Shakespeare vilisomwa kwa Kiswahili karibu miaka 100 kabla ya tafsiri ya Julius Caesar aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Mwaka 1870 vilichapishwa London vitabu viwili vilivyomjengea Steere jina. Cha kwanza ni A Handbook of the Swahili Language, mwongozo wa sarufi na msamiati wa Kiunguja. Cha pili ni Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi za Unguja kwa Kiswahili na Kiingereza, ikiwemo ile ya Sultani Darai na habari za shujaa Liongo. Aidha, alikusanya maneno ya Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde, kwa kuwa wengi wa waliokombolewa walitoka bara.

Jambo moja linastahili kuangaliwa. Kasisi huyu, aliyekuja kuhubiri dini yake, alichapisha hadithi za Waislamu wa mjini jinsi zilivyosimuliwa, bila ya kuzigeuza ziwe mahubiri. Pia alipotafsiri maandiko alitumia maneno ambayo Uislamu ulikuwa umekwisha kuyapa maana pwani: imani, dhambi, toba, rehema, Injili. Mkristo wa leo anayesali kwa Kiswahili anasali kwa msamiati uliolelewa kwa karne nyingi katika vinywa vya Waislamu wa mwambao.

Soko Lageuka Kanisa

Steere alirejea Uingereza mwaka 1868, akarudi Unguja mwaka 1872, mwaka ule ule ambao kimbunga kikali kiliibomoa sehemu kubwa ya mji na mashamba ya mikarafuu. Tozer alikuwa mgonjwa, na baada ya muda akajiuzulu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa ameshinikizwa na Uingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kuyafunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa.

Misheni ilipata ardhi hapo, sehemu yake ikitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mwaka 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu huko London, akarudi kuusimamia ujenzi mwenyewe, wakili aliyegeuka mhandisi. Paa la kanisa lilikuwa kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, lisilo na boriti. Wengi walitabiri kwamba siku magogo ya kulishikilia yatakapoondolewa litaporomoka. Halikuporomoka, na hadi leo lingali limesimama. Ibada ilifanyika humo siku ya Krismasi 1879. Altare imewekwa mahali ambapo, kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa lenyewe, palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa.

Hata hivyo, tusidanganywe na uzuri wa picha hiyo. Soko lilifungwa lakini utumwa haukufutwa. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, miaka 15 baada ya kifo cha Steere. Mtu aliweza kutoka katika ibada ya Mkunazini akakutana mlangoni na mtumwa aliyebeba mzigo wa bwana wake. Jengo peke yake halikuibadilisha jamii. Lililoanza kuibadilisha ni shule: ya wavulana huko Kiungani, na ya wasichana huko Mbweni, ambako misheni ilinunua shamba mwaka 1871 na kuwapa makazi waliokombolewa. Mmoja wa wavulana watano wa mwanzo, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Kurudi Bara

Mbweni ilimpa Steere fundisho jingine. Makazi yale yaliwahifadhi watu, lakini pia yaliwaweka chini ya mkono wa misheni, wakiitegemea kwa kazi, nyumba na hata ruhusa. Steere aliamini kwamba mtu aliyeibwa kwao hajakombolewa sawasawa mpaka apate njia ya kurudi. Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu hadi nchi ya Wayao. Mwaka 1876 aliondoka Unguja na zaidi ya watu 50 waliokombolewa, wanaume na wanawake, akinuia kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona ardhi kuwa nzuri na maji yapo, wakapenda kukaa. Askofu aliafiki. Kijiji kikaanzishwa, na Masasi ikawa mojawapo ya ngome za kanisa na elimu kusini mwa Tanzania.

Steere aliendelea kutafsiri. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1879. Mwezi Agosti 1882 alifariki ghafla huko Unguja akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Wiki chache baadaye Wangoni, ambao watu wa Masasi waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji, wakaua baadhi ya watu na kuwachukua wengine mateka. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja wakatiwa tena kamba. Hakuna huduma ya kanisa iliyoweza kuahidi usalama katika nchi iliyokuwa imevurugwa na biashara ile. Pamoja na hayo kijiji kilijengwa upya. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa na misheni, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika UMCA.

Tathmini

Tukirudi kwenye mgawanyiko tulioutaja mwanzoni, kila upande una haki yake. Ni kweli kwamba kazi ya Steere, ikiendelezwa na A. C. Madan na wengineo, ndiyo iliyorahisisha Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Sisi wa Kenya tunajua gharama yake. Krapf alikuwa amekishughulikia Kimvita kwa miaka mingi, na kanisa la Kianglikana la Mombasa lilikuwa na Biblia yake ya Kimvita mpaka tafsiri ya pamoja ilipotoka mwaka 1952. Lahaja ya Muyaka bin Haji ilijikuta ikiitwa lahaja tu. Ni kweli vilevile kwamba hati za Kirumi za misheni zilifungua mlango wa shule na magazeti huku zikiufunga polepole mlango wa maktaba nzima ya tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Lakini Steere hakuketi katika kamati yoyote ya usanifishaji. Alikuwa amekufa miaka 46 kabla ya mkutano ule. Alichokuwa akikitafuta ni lugha ya kuongea na watoto watano. Lawama yetu kubwa, kama ipo, haina budi kutuangukia sisi tunaomsoma. Jalada la Swahili Tales lenyewe linatangaza kwamba hadithi hizo zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja, lakini sisi tunapozirejelea tunaandika jina la Steere na mwaka 1870, basi. Wasimulizi waliomfundisha Askofu lugha, waliomsahihisha ngeli na viambishi, tunawaacha nje ya mlango. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Steere alifunzwa na Unguja.

Hitimisho

Mwaka 1888, miaka sita baada ya kifo cha Steere, lilianza kuchapwa Kiungani gazeti la Msimulizi, moja kati ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Walioliandikia ni wanafunzi na waliokuwa wanafunzi wa misheni, wakipashana habari kutoka vituo vya Unguja na bara. Jarida la wanafunzi kama hili letu lina babu yake hapo. Watu ambao soko liliwapangia bei waliandika habari zao wenyewe, kwa majina yao wenyewe, katika lugha waliyoifanya kuwa yao.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza tukitumie tunapochunguza huduma ya kanisa lolote katika jamii yoyote. Tusihesabu majengo wala waumini peke yake. Tuulize kama waliohudumiwa walifika mahali pa kujisemea. Kwa kipimo hicho Edward Steere alifika mbali, japo hakufika mwisho. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya kumalizia, nayo ni kuyatafuta katika dibaji na katika kumbukumbu za zamani majina ya wale waliomfundisha, na kuyaandika mahali panapostahili.