Krapf: Alimsubiri Bwana Akiwa Kazini



Mwezi Septemba 2025 simu za wengi zilijaa ujumbe uliotaja tarehe ya unyakuo. Siku zilizotajwa, tarehe 23 na 24, zikaja na zikapita. Wengine tulicheka, lakini jambo hili si la kucheka. Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola nchini Kenya walianza kufukuliwa watu waliofunga kula hadi kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Miili ilipita 400, na watoto wengi walikuwamo. Miaka 23 kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea kwa moto Kanungu, Uganda, katika kundi lililohubiri mwisho wa dunia. Katika viongozi wa kundi lile alikuwamo mtu aliyewahi kuwa padre wa Kanisa letu. Kwa hiyo tusinyooshee wengine kidole.

Shakahola iko katika Kaunti ya Kilifi. Katika kaunti hiyohiyo iko Rabai, mahali alipoishi mtu mwingine aliyeamini kwa moyo wote kwamba Bwana yu karibu kurudi. Mtu huyo alifika pia katika milima yetu ya Usambara. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf. Wengi tunamjua kama bingwa wa kamusi ya Kiswahili, lakini ni wachache wanaojua jinsi alivyoishi na imani yake juu ya siku za mwisho.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Wakristo wa nchi ile walikuwa watu wa sala na wa Biblia, na walisubiri sana ujio wa Bwana. Mwalimu wao mkubwa wa karne iliyotangulia, Johann Albrecht Bengel, alikuwa amepiga hesabu kutoka kitabu cha Ufunuo na kuutaja mwaka 1836 kuwa mwaka wa mageuzi makuu. Kijana Krapf alikulia katika hali hiyo. Alipokwisha kusoma teolojia na kuwekwa msaidizi wa mchungaji kijijini, alihubiri kwamba dunia imefikia saa zake za mwisho. Wakubwa wake hawakupendezwa na mahubiri hayo, naye akaiacha kazi ile.

Mwaka 1836 ukaja, ukaisha, na jua likaendelea kuchomoza. Mtu mwingine angekata tamaa, au angepiga hesabu mpya na kutaja mwaka mwingine. Krapf alifanya jambo la tatu. Mapema mwaka 1837 alifunga safari ya Afrika, akitumwa na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza. Kama Bwana yu karibu, basi wapo ambao bado hawajaisikia Injili, na muda ni mfupi. Kwake yeye ukaribu wa Bwana ulikuwa sababu ya kuondoka nyumbani na kwenda kufanya kazi.

Alianzia Ethiopia, akafukuzwa. Akajaribu tena, akazuiwa. Januari 1844 akafika Zanzibar, na Sultani Sayyid Said akampokea vizuri. Kutoka hapo akaenda kukaa Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ikawashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13 Julai, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf, mgonjwa na asiye na ndugu karibu, aliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kisha akawaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe kwao ishara ya kazi iliyoanza, na wala wasiiache. Hakuandika kwamba anarudi nyumbani.

Alibaki akijifunza lugha. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Hapo aliandika maneno ya Kiswahili, moja baada ya jingine, akiuliza wenyeji, akifuta na kusahihisha. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Hebu tafakari jambo hili: mtu anayeamini kwamba dunia iko ukingoni anakaa chini kutunga kamusi, kazi ambayo watakaofaidi ni watu ambao hawajazaliwa!

Mwaka 1848 alisafiri kwa miguu kutoka pwani hadi Vuga, makao ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai. Himaya ya Kimweri ilienea Usambara yote, ya magharibi na ya mashariki, pamoja na vilima vya Amani na Kwamkoro ambako leo watu wanachuma chai. Krapf alimwomba mfalme ruhusa ya kuleta walimu wa Injili, na mfalme akakubali. Mwaka 1852 alirudi tena Vuga, na mlango ulikuwa bado wazi. Waliochelewa kuingia si Wasambaa. Waanglikana walianza Magila, chini ya milima, mwaka 1868. Walutheri walianza Mlalo mwaka 1891. Sisi Wakatoliki tulifika Gare na wamonaki Watrapisti mwaka 1897. Kimweri alikuwa amekwisha kufa zamani. Hakuna aliyehubiri kwa miaka hiyo yote kwamba mwisho umefika, ila watu walizaliwa na kufa wakisubiri walimu walioahidiwa.

Afya yake ilipovunjika, mwaka 1853 Krapf aliondoka Afrika ya Mashariki. Waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono. Ndoto yake ya vituo vya misioni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika haikutimia akiwa hai. Alikwenda kuishi Kornthal, kijiji cha Württemberg kilichoanzishwa mwaka 1819 na Wakristo waliosubiri ujio wa Bwana. Huko aliendelea na kamusi yake. Jioni ya siku yake ya mwisho alizungumza na rafiki yake juu ya Bwana kuwa karibu, na jinsi inavyotupasa kuutumia vema muda na kuwa tayari. Asubuhi ya tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilichapwa London mwaka uliofuata.

Krapf hakuwa Mkatoliki, wala hakuwa na mapenzi makubwa na Kanisa letu. Hata hivyo, ana la kutufundisha.

Neno la kunyakuliwa mawinguni limo katika barua ya kwanza ya Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 17. Paulo hakuliandika ili kutisha watu. Aliliandika kuwafariji waliofiwa, wajue kwamba wapendwa wao waliolala katika Kristo hawatasahaulika. Ni neno la kusomwa kando ya kaburi kama lile la Rosine na mwanawe. Sasa rudi nyuma aya sita tu, hadi aya ya 11. Hapo Paulo anawaagiza watu walewale watulie, washughulike na mambo yao, na wafanye kazi kwa mikono yao. Anayekuhubiria aya ya 17 na kuificha aya ya 11 amekupa nusu ya barua.

Kanisa linakiri kila Dominika kwamba Kristo atarudi kuwahukumu wazima na wafu. Halitaji siku, kwa sababu Yesu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo sura ya 24, anasema siku ile aijua Baba peke yake. Basi mtu akikuletea tarehe, ujue amejipa cheo ambacho hata malaika hawana. Akikuambia uache dawa zako, umtoe mtoto shuleni, uuze shamba au ukatae kula kwa sababu Yesu anakuja, mwulize ni mtumishi gani katika Injili aliyesifiwa kwa kuacha zamu yake. Hayupo. Heri ni yule ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya kazi aliyopewa.

Ndugu yangu, mchuma chai wa Kwamkoro anayejaza kikapu chake kwa uaminifu amejiandaa. Mama anayepanda mche wa parachichi ambao matunda yake yataliwa na wajukuu amejiandaa. Mgonjwa anayemeza dawa zake na kusali amejiandaa. Jirani aliyepatana na jirani yake kabla jua halijazama amejiandaa kuliko wote. Bwana akija leo, na atukute hapo. Akikawia, kazi yetu iwasaidie watakaokuja baada yetu, kama kamusi ya Krapf inavyotusaidia sisi hadi leo.

Nakutakia Dominika njema.