Denis Burkitt na siri ya uvimbe wa taya

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji amtazame mtoto mmoja. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na meno yamelegea. Daktari huyo, Denis Burkitt, hakujua ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine, ameketi nyasini na mama yake, ana uvimbe ule ule.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la Uingereza Kenya na Somalia, kisha mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na baadaye Mulago.

Baada ya watoto wale wawili alianza kupekua mafaili ya zamani. Aligundua kuwa uvimbe wa taya, wa tumboni na wa figo, ambao madaktari waliuandika kama magonjwa tofauti, mara nyingi ulikuwa saratani moja. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: mmeuona huu? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi. Ilikuwa safari ya wiki 10 na karibu kilomita 16,000, na kila walipofika hospitali waliuliza swali lile lile.

Ramani waliyoichora ilishangaza. Saratani hiyo ilikuwa nyingi kwenye joto na mvua, lakini kwenye nyanda za juu zenye baridi ilikuwa adimu. Ilifanana na ramani ya malaria, kwa hiyo wengi walidhani kuna kirusi kinachobebwa na mbu.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Kinaitwa Epstein-Barr, nacho ni wa jamii ya herpesi, ndugu wa kile kinacholeta tetekuwanga na mkanda wa jeshi.

Mbu hakibebi kirusi hiki. Kinapita kwenye mate, na karibu watu wote duniani wanacho, wengi wamekipata utotoni bila kuumwa chochote. Basi mbu anaingiaje? Analeta malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena, kinga yake hulemewa, na zile seli nyeupe za damu ambamo kirusi hujificha huchochewa kuzaliana ovyo. Hapo saratani hupata nafasi. Ramani ya Burkitt ilikuwa sahihi, ila maelezo yake hayakuwa yale waliyoyatarajia.

Chanjo ya kirusi hiki bado haipo, na kumzuia mtoto asikipate karibu haiwezekani. Kinachowezekana ni kuzuia malaria: chandarua kila usiku, na kumaliza dozi. Saratani yenyewe haiambukizi, kwa hiyo mtoto mgonjwa asitengwe. Lakini inakua haraka kuliko saratani nyingine karibu zote. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo. Wengine hupoteza muda kwa kung'oa meno, wakidhani ni jipu.

Burkitt mwenyewe alianza kwa kisu, na kisu hakikusaidia sana. Alipojaribu dawa za saratani pale Mulago, baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache tu. Leo pia wengi hupona wakifikishwa mapema.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza wengi wanamkumbuka kwa jambo jingine kabisa: kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama alivyoona vijiji vya Uganda vikila. Alifariki mwaka 1993.